Maswali ya Wasomaji: Ardhi Tuliyokwisha Kuifungua

Toleo hili barua nyingi zimeuliza jambo moja kwa sura mbalimbali: ardhi inachoka, nifanyeje? Tumechagua nane. Majibu tumeyaandika kwa vipimo, maana kumwambia mkulima "tunza udongo" bila kumwonyesha kina, uzito na wakati hakumsaidii kitu.

Swali (mwalimu wa jiografia, Tabora): Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wanabishana. Kundi moja linasema misitu ya dunia inaliwa na mashamba, jingine linasema inaliwa na ng'ombe. Nani ana haki? Na je, dunia bado ina ardhi ya kufungua?

Jibu: Mwalimu, wote wana haki, ila kila kundi lina bara lake.

Nchi kavu ya dunia, ukiiacha Antaktika, ni takriban hekta bilioni 13. Kilimo na ufugaji vinachukua karibu bilioni 4.8, yaani zaidi ya theluthi. Humo, bilioni 3.2 hivi ni malisho na bilioni 1.6 hivi ni mashamba ya mazao. Waambie wachore chapati, waikate vipande vitatu vilivyo sawa: viwili ni vya mifugo, kimoja ni cha mazao. Na hata hicho kimoja si chote cha binadamu, kwa sababu sehemu kubwa ya mahindi na soya ya dunia huishia tumboni mwa kuku, nguruwe na ng'ombe.

Sasa misitu. Uchunguzi wa picha za satelaiti uliofanywa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa miaka ya 2000 hadi 2018, ulionyesha kwamba karibu asilimia 90 ya misitu iliyofyekwa ilipisha kilimo na ufugaji. Amerika Kusini karibu robo tatu ya msitu uliopotea iligeuzwa malisho. Afrika na Asia zaidi ya robo tatu iligeuzwa mashamba ya mazao. Kwa hiyo mwanafunzi anayemtaja ng'ombe anaisema Amazon. Anayelitaja shamba anaisema Tabora, ambako juu ya mahindi kuna tumbaku ya mvuke inayokaushwa kwa kuni.

Tahadhari moja wasiikose: si kila malisho ni uharibifu. Nyanda kame za Umasaini au za Mongolia hazilimiki, na mfugo ndiye pekee anayeweza kugeuza nyasi zile kuwa maziwa na nyama. Ubaya ni pale msitu unapoanguka ili nyasi ziote, au pale mifugo inapozidi uwezo wa nyasi.

Ardhi ya kufungua ipo, lakini karibu yote iko chini ya msitu, au ni tindiga, au mvua yake haiaminiki. Kwa maoni yetu swali zito kwa Afrika ni jingine: kwa nini ekari zilizokwisha kufunguliwa zinatoa gunia saba au nane tu? Marekani hekta moja ya mahindi hutoa zaidi ya tani 10. Kusini mwa Sahara wastani ni tani 2 hivi. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaazimia wakulima wafikie kilo 50 za virutubisho vya mbolea kwa hekta ifikapo 2015, na nchi nyingi hazijafika. China ilipita kilo 300, ikalazimika mwaka 2015 kupanga kusimamisha ongezeko hilo. Mbolea inayosombwa na mto Mississippi huua viumbe wa Ghuba ya Mexico kila kiangazi kwa kuwakosesha hewa majini. Kule mbolea imezidi, huku imepungua, na huku ikipungua anayelipa ni msitu: mtu akivuna misimu minne na udongo ukachoka, anahamia pori la jirani.

Swali (mkulima, Kongwa): Ninalima mahindi na alizeti ekari 12. Kila mwaka nakodi trekta lenye plau ya sahani. Siku hizi mvua ikinyesha maji yanasimama juu au yanakimbia, lakini jua likiwaka siku kumi tu mahindi yananyauka. Jirani ananiambia niache kulima, nipande kwa sesa, yaani bila kupindua udongo. Si nitavuna magugu?

Jibu: Ndugu yetu, dalili hizo mbili zina chanzo kimoja. Chini ya udongo unaopinduliwa kila mwaka, kwenye kina cha sentimita 15 hadi 25, sahani za plau zimekandamiza tabaka gumu. Maji hayashuki na mizizi haipiti. Mahindi yako yanaishi kwenye udongo wa kina cha kiganja, ndiyo maana siku kumi zinayashinda.

Hakikisha kwanza. Siku mbili baada ya mvua kubwa chukua nondo nyembamba ya sentimita 70 iliyochongoka, uikandamize polepole kwa mikono. Ikishuka vizuri, ikagota ghafla, kisha ikiongezewa nguvu ikapenya tena kwa ulaini, hapo katikati ndipo penye tabaka. Pima sehemu kumi, uandike kina. Halafu chimba shimo la sentimita 50 pembeni mwa shina la muhindi na uangalie mizizi: ikifika mahali ikapinda na kutambaa kwa ubavu, huna haja ya ushahidi mwingine.

Tabaka hilo huvunjwa kwa kuchanwa, na kuupindua udongo hakulivunji. Tumia ripa, yaani jembe la kuchana udongo, ya trekta au ya maksai, mistari ikiwa sentimita 75 hadi 90 kutoka mmoja hadi mwingine, ncha ikishuka sentimita 5 chini ya tabaka. Fanya kazi hiyo udongo ukiwa mkavu, baada ya mavuno au kabla ya mvua. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanasubiri mvua ya kwanza ili udongo ulainike. Udongo mbichi haupasuki. Ripa inaukata kama kisu kwenye sabuni, inaacha mfereji wenye kuta laini, na tabaka linabaki pande zote mbili. Maksai hawawezi kufika sentimita 25 kwa mkupuo, basi pita mara ya kwanza, kisha rudia kwenye mstari uleule. Panda humohumo kwenye mstari, na mwaka unaofuata usihamishe mistari.

Kuchana peke yake hakutoshi. Ukiacha udongo wazi, matone ya mvua yataufunga tena juu. Angalau asilimia 30 ya ardhi ifunikwe na mabua siku ya kupanda, na usikisie kwa macho. Chukua kamba ya mita 20, ipige fundo kila sentimita 20, upate mafundo 100. Ivute kwa mshazari shambani, hesabu mafundo yaliyogusa mabaki ya mazao. Mafundo 30 ni asilimia 30. Rudia mahali patatu.

Sasa magugu. Hatukufichi: misimu miwili ya mwanzo yatakuwa mengi kuliko ulivyozoea, kwa sababu plau ilikuwa inayafukia. Brazili, ambako mkulima Herbert Bartz alianza kupanda bila kulima huko Paraná mwaka 1972, wengi wanategemea dawa za kuua magugu, na sasa wanapambana na magugu yaliyozoea dawa. Sisi tunapendelea ngwara (jamii ya kunde inayotambaa) au mbaazi. Panda ngwara katikati ya mistari wiki tatu hadi nne baada ya mahindi kuota. Mapema zaidi ya hapo ngwara itapanda juu ya mahindi na kuyavuta chini. Palilia juujuu, ukikata magugu kwenye shingo bila kugeuza udongo, na usiruhusu hata gugu moja kumwaga mbegu. Mwaka wa tatu utaona tofauti.

Jambo jingine linalowakatisha tamaa watu mwaka wa kwanza ni mahindi kuwa ya njano wiki ya tatu. Vijidudu vinavyoozesha mabua vinahitaji naitrojeni, na vinaichukua kwenye udongo kabla ya mmea. Usikimbilie kusema sesa imeshindwa: weka mbolea yenye naitrojeni wakati wa kupanda, usingoje ya kukuzia.

Mifugo ndiyo mtihani mkubwa zaidi Kongwa. Mabua ni chakula chao wakati wa kiangazi. Kama huwezi kulinda ekari 12, anza na 2 unazoweza kuziwekea wigo wa miiba.

Wilaya yako ina somo ambalo dunia nzima inalifahamu. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilileta matrekta Kongwa kulima karanga. Shabaha ilikuwa zaidi ya ekari milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini (sasa Zambia). Udongo ule ukikauka ulikuwa mgumu kama tofali, ukala majembe ya plau, na karanga hazikung'oka. Mpango ulifutwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Miaka michache kabla yake, huko Marekani, nyanda za Kansas, Oklahoma na Texas zilikuwa zimepinduliwa kwa ajili ya ngano. Ukame wa miaka ya 1930 ulipofika, hapakuwa na mzizi wa kushika udongo. Tarehe 14 Aprili 1935 vumbi lilifunika jua mchana. Mwezi huohuo Marekani ilipitisha sheria ya kuhifadhi udongo. Udongo ni tofauti, lakini kosa ni lilelile la kuupindua na kuuacha uchi.

Swali (mkulima wa mpunga, Mbarali): Tunaambiwa tupunguze maji kwenye majaruba kwa sababu ya mto Ruaha, tena eti mpunga unachafua hewa. Baba zetu walijaza maji tangu kupandikiza hadi kuvuna. Nikipunguza, mavuno hayatashuka?

Jibu: Hayashuki ukifuata kipimo, na yanashuka ukikisia. Mpunga unavumilia maji, hauyahitaji yasimame siku zote. Yanaposimama kwa miezi, udongo unakosa hewa, na vijidudu vya humo vinatoa gesi ya methani ambayo mpunga huipitisha kwenye shina hadi angani. Majaruba ya dunia hutoa karibu sehemu moja ya kumi ya methani yote itokanayo na shughuli za binadamu. Na Ruaha Mkuu, tangu miaka ya mwanzo ya 1990, umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, chini ya majaruba ya Usangu. Anayeomba upunguze maji hakuonei.

Njia ni kulowesha na kukausha kwa zamu, iliyopangwa vizuri na taasisi ya utafiti wa mpunga ya IRRI ya Ufilipino. Kata bomba la plastiki urefu wa sentimita 30, upana wa sentimita 10 hadi 15. Toboa nusu ya chini pande zote, matundu yakiachana sentimita 2. Lizamishe kwenye jaruba hadi nusu yenye matundu iwe chini ya udongo, kisha toa tope la ndani uone kitako. Liweke mahali pa usawa wa wastani, mita moja au zaidi kutoka tutani, mahali unapofika bila kukanyaga mpunga. Ukijaza maji, kina cha ndani ya bomba kilingane na cha nje. Kisipolingana matundu yameziba, ling'oe ulisafishe.

Wiki mbili baada ya kupandikiza anza zamu. Kama magugu ni mengi, ngoja wiki tatu, maana maji ndiyo yanayoyazuia. Acha maji yashuke hadi yaonekane sentimita 15 chini ya uso wa udongo, ndipo ujaze tena kina cha sentimita 5. Juu patakauka, hata nyufa ndogo zitatokea; mizizi bado inakunywa. Kipindi kimoja hakina mchezo: wiki moja kabla ya masuke kuchanua hadi wiki moja baada yake, maji yasimame sentimita 5 muda wote. Ukiukausha mpunga hapo utapata mapepe. Urea imwage udongo ukiwa umekauka juu, siku hiyohiyo ufungulie maji yaisukume mizizini.

Maji yanayookolewa hufika asilimia 30 na methani hupungua hata kufikia nusu. Udongo wa kichanga unaopitisha maji haraka usiujaribu kwa njia hii. Na kama mfereji wenu unatoa maji kwa zamu ya kila wiki mbili, kaeni kwanza kwenye umoja wa watumia maji mpange zamu za siku chache, la sivyo bomba litakuambia "jaza" na mfereji uwe mkavu.

Swali (msomaji, Njombe): Natia DAP (mbolea ya kupandia yenye fosforasi) mfuko mzima kwa ekari, mahindi yanabaki mafupi na majani ya zambarau. Duka la pembejeo wanasema niongeze mfuko wa pili.

Jibu: Usinunue mfuko wa pili kabla ya kupima udongo. Majani ya zambarau ni njaa ya fosforasi, na fosforasi umeitia. Kinachoelekea kutokea ni kwamba udongo una tindikali kali, pH chini ya 5.5, na alumini iliyoyeyuka humo inaishika fosforasi na kufupisha mizizi. DAP yenyewe huongeza tindikali kila msimu.

Chukua sampuli hivi: ndoo safi ya plastiki, sehemu 15 hadi 20 ukitembea kizigizaga, kina cha sentimita 20. Ruka kichuguu, palipochomwa majani, palipokuwa na zizi na ukingo wa shamba. Changanya, anika kivulini, punguza hadi nusu kilo, peleka maabara. Omba pH na kiasi cha chokaa kinachohitajika.

Kwa pH inayokaribia 5, kiwango cha kawaida ni tani 2 za chokaa ya kilimo kwa hekta, yaani mifuko 16 ya kilo 50 kwa ekari, au gramu 200 kwa kila mita ya mraba. Pima mraba mmoja, mwaga gramu 200, uone unavyopaswa kuonekana, kisha ufananishe shamba lote. Imwage mwezi mmoja kabla ya kupanda na uichanganye hadi sentimita 15. Ikibaki juu haifanyi kazi. Isiguse urea wala DAP siku moja, kwa kuwa naitrojeni itapaa hewani. Chokaa ya kupakia nyumba siyo, inaunguza. Zaidi ya kiwango nako ni hasara, kwani zinki hufungika na mahindi huwa na michirizi myeupe. Ikitiwa sawasawa hukaa miaka mitatu hadi mitano.

Kama kipande hicho unapanga kukihamishia chai, acha chokaa kabisa: chai inataka tindikali. Na kwa viazi mviringo tia kidogo, maana udongo usio na tindikali huleta ukurutu kwenye ngozi ya kiazi.

Mfano mkubwa wa dawa hii ni Cerrado ya Brazili, mbuga ya hekta milioni 200 hivi ambayo ilidhaniwa haifai kwa mazao. Taasisi ya utafiti ya Embrapa, iliyoundwa mwaka 1973, ilionyesha kwamba chokaa na fosforasi vinaigeuza shamba, na leo Brazili inaongoza duniani kwa soya. Gharama yake pia iandikwe: karibu nusu ya uoto wa asili wa Cerrado umeondoka. Chokaa ya Njombe inakwenda kwenye shamba lililokuwa tayari shamba, na hapo ndipo tunapoiunga mkono bila kusita.

Swali (msomaji, Kitale, Kenya): Nataka kuachana kabisa na mbolea ya dukani nitumie samadi peke yake. Ni sawa?

Jibu: Piga hesabu kwanza. Samadi kavu nzuri ina naitrojeni asilimia 1 hadi 1.5. Tani 2 kwa ekari zinakupa kilo 20 hadi 30, lakini msimu wa kwanza hutoka robo au theluthi yake tu. Gunia 20 za mahindi za kilo 90 huondoa shambani kilo 27 hivi za naitrojeni ndani ya punje peke yake. Basi samadi inakuachia pengo, labda uwe na nyingi sana au uzungushe na maharage na mbaazi. Tunashauri tani 2 za samadi pamoja na mfuko mmoja wa CAN (mbolea ya kukuzia), wenye kilo 13 hivi za naitrojeni. Samadi inajenga udongo ushike ile CAN isisombwe.

Sri Lanka ilipiga marufuku mbolea za viwandani ghafla mwaka 2021, mavuno ya mpunga yakaanguka, marufuku ikalegezwa kabla mwaka haujaisha. Kuhama kunawezekana, lakini kwa miaka, si kwa tangazo. Na samadi yako ifunike: ile iliyochomwa na jua na kunyeshewa miezi mitatu imebaki majani matupu.

Swali (msomaji, Barka, Oman): Shamba la mzee wangu liko pwani ya Batinah. Mitende ya upande wa baharini inakauka na maji ya kisima yamekuwa ya chumvi. Nichimbe kisima kirefu zaidi?

Jibu: Hapana, ndugu. Pwani, maji matamu huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ardhini. Kila mita moja unayoshusha kina cha maji matamu kwa pampu, chumvi hupanda takriban mita 40 kutoka chini. Ukichimba zaidi unaifuata. Vuta kidogo kidogo kwa saa nyingi badala ya kuvuta kwa nguvu, na ondoa majani ya malisho yanayokunywa kuliko mitende. Mwagilia kwa matone, ukifunika udongo kwa makuti. Kipimo cha mkononi cha chumvi ya maji si ghali. Pima kila mwezi na uandike. Wenye visima Zanzibar na Bagamoyo, jibu hili ni lenu pia.

Swali (msomaji, Matombo, Morogoro): Shamba letu ni mteremko mkali. Wataalamu wanahimiza matuta, wazee hawataki hata kuyasikia.

Jibu: Wazee wana sababu, na wasikilizwe. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Udongo mzuri wa juu ulifukiwa, ule mwekundu usiootesha ukaja juu, kazi ikawa kubwa na chakula kikapungua. Mwaka 1955 watu wa Matombo waliandamana, na mpango ukaishia hapo.

Kuna njia isiyogeuza udongo, inayoitwa "fanya juu". Ukambani, Machakos, ardhi iliyoonekana imekufa miaka ya 1930 ilirudi kwa matuta haya, mengi yakichimbwa na vikundi vya mwethya, yaani vya kazi za pamoja. Unachimba mfereji wa sentimita 60 kwa 60 kukata mteremko, udongo unautupa upande wa juu, ukiacha nafasi ya sentimita 15 au zaidi usirudi mferejini. Juu ya tuta panda majani ya tembo. Miaka inavyokwenda, udongo unaosombwa unakwama hapo na ngazi inajijenga yenyewe, udongo mzuri ukiwa juu.

Mstari usikisiwe. Funga miti miwili ya mita 2 kwa umbo la A, weka mti wa kukingama katikati, ning'iniza jiwe kwa uzi kutoka kileleni. Simamisha, weka alama uzi unapogusa mti wa kukingama. Geuza miguu palepale, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa. Tembea nayo ukipiga vigingi kila hatua. Kwenye mteremko wa asilimia 15 acha mita 11 hivi kati ya mifereji. Wa asilimia 30, mita 6 hivi. Kwa mvua za Uluguru mfereji uinamishwe kidogo, sentimita 5 kwa kila mita 10 au pungufu, kuelekea penye njia ya maji yenye nyasi. Ukiufanya sawa kabisa utajaa, utapasuka mahali pamoja, na korongo litaanzia hapo. Mteremko unaozidi asilimia 50 uachieni miti.

Swali (mama mkulima, Bahi, Dodoma): Miche tunayopewa kila mwaka inakufa. Kisiki hai ni nini hasa, na nitaanzaje?

Jibu: Mama, shamba lako lina miti tayari, iko chini. Kisiki hai ni kuitunza ikue upya. Visiki unavyovifyeka kila msimu vina mizizi mirefu inayofikia maji, ndiyo maana vinachipua wakati mche wa kitalu unakufa. Huko Niger, tangu miaka ya 1980, wakulima wa Maradi na Zinder waliirudisha miti kwa njia hii kwenye hekta zipatazo milioni 5, wakishauriwa na Tony Rinaudo, bila kupanda karibu mche wowote.

Anza kiangazi, kabla ya mvua. Chagua visiki 16 hadi 30 kwa ekari, ukipendelea mkababu, ambao hupukutisha majani wakati wa mvua na hivyo hauutii mtama kivuli. Kwenye kila kisiki acha machipukizi mawili hadi matano yaliyonyooka na kunenepa, ukate mengine. Yale uliyoacha, pogoa matawi ya chini hadi nusu ya urefu. Kata kwa kuanzia chini kwenda juu, panga likiwa kali, ili gome lisichanike kuelekea shinani. Hapo ndipo mchwa na kuoza huingilia. Usipogoe hadi karibu na kilele kwa tamaa ya kuni, shina litakuwa jembamba na upepo utalivunja. Rudia kila miezi mitatu au minne. Matawi uliyokata yatandaze shambani.

Funga kitambaa cha rangi kwenye kila kisiki ulichochagua, vibarua wa palizi wajue. Niger miti ilikuwa ikihesabiwa mali ya serikali, na watu walianza kuitunza walipoamini kwamba ni yao. Kwa hiyo nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, visiki vya shambani mwako vitajwe kwenye sheria ndogo. Wafugaji nao uongee nao sasa hivi, kabla mabua hayajaisha na mbuzi hawajaanza kutafuta majani mabichi.